Homa ya ini B: Kumeza dawa maisha yote au kungoja?

Ni nadra kwa mkazi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, kufunga safari hadi hospitalini kwa nia ya kupimwa homa ya ini aina ya B. Habari humjia asipozitarajia. Mmoja huambiwa baada ya kujitolea kutoa damu. Mwingine huambiwa akiwa mjamzito, anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza. Naye kijana wa Kayole au Dandora, aliyekwisha kumlipa wakala na kupata pasipoti, huambiwa kuwa hawezi kwenda kufanya kazi Saudi Arabia au Qatar, kwa sababu mataifa ya Ghuba humhesabu mtu mwenye virusi hivi kuwa hafai kuajiriwa. Hutoka mlangoni na karatasi iliyoandikwa HBsAg, na aghalabu hakuna aliyeketi naye kumweleza maana yake.

Baada ya hapo ushauri humjia kutoka kila upande. Daktari wa kwanza humwambia kuwa ana virusi tu wala si mgonjwa, arudi baada ya miezi sita. Wa pili humwandikia vidonge na kumwonya kwamba akianza asithubutu kuacha. Muuza miti shamba wa Gikomba humhakikishia kuwa chupa tatu zitamaliza kazi. Wa tatu huyo tumweke kando kwa sasa. Madaktari wawili wa kwanza wanaonekana kupingana, ilhali yawezekana wote wawili wamesema kweli, na hapo ndipo penye utata wa maradhi haya.

Swali linalomkabili mgonjwa si dogo. Je, aanze leo dawa ambayo huenda akaimeza kila siku hadi mwisho wa uhai wake, au angoje huku akipimwa? Na je, atakayeanza anajua atakavyoipata dawa hiyo mwaka wa kumi, atakapokuwa amehama Umoja na kwenda Mihang'o, amepoteza kibarua, au kliniki iliyokuwa ikimhudumia imefungwa?

Ukubwa wa tatizo lenyewe haubishaniwi. Katika ripoti yake ya mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watu milioni 254 ulimwenguni walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya homa ya ini B mwaka 2022, na kwamba maradhi hayo yaliua watu wapatao milioni 1.1 mwaka huo. Takriban watu milioni 65 kati yao walikuwa katika kanda ya Afrika ya shirika hilo. Katika kila Waafrika 1,000 wenye virusi, 42 pekee ndio waliokuwa wamepimwa na kuijua hali yao, na wawili tu ndio waliokuwa wakipata dawa. Kwa hivyo mkazi wa Huruma anayejiuliza aanze dawa au asianze tayari amewatangulia wenzake wengi, ambao hawajui hata kwamba kuna swali la kuulizwa.

Lipo jambo linalopaswa kusemwa waziwazi kabla ya kuendelea, kwa kuwa limevunja nyumba nyingi. Mtu mzima anayegunduliwa kuwa na maambukizi sugu aghalabu hakuyapata mwaka jana, wala si lazima ayapate kwa zinaa. Virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa urahisi kuliko vile vya Ukimwi, na huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mwili wake huvishinda katika visa zaidi ya 95 kwa kila 100. Mtoto mchanga akiambukizwa na mamaye wakati wa kuzaliwa, mambo hugeuka: watoto wapatao 90 kati ya 100 hubaki na virusi hivyo maishani. Barani Afrika wengi waliambukizwa kabla ya kutimiza miaka mitano, na mama zao au na watoto wenzao kwa michubuko na wembe uliotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Mke anayemshuku mumewe kwa sababu ya karatasi hiyo, au mume anayemfukuza mkewe, huenda anamhukumu mwenziwe kwa jambo lililotendeka akiwa angali ananyonya.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya homa ya ini B mwishoni mwa mwaka 2001, kupitia ile chanjo ya pamoja inayotolewa katika wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata kinga hiyo utotoni. Hao leo ndio makondakta, mafundi wa Kariobangi Light Industries, wachuuzi wa Gikomba, walimu na askari, watu wenye umri wa miaka 25 na kuendelea ambao familia nzima inawategemea. Saratani ya ini nayo haina desturi ya kusubiri uzee barani humu. Katika nchi nyingi za Kiafrika huwapata watu wangali katika miaka ya arobaini.

Kwa nini basi daktari wa kwanza alisema angoje? Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Virusi hivi havili ini moja kwa moja. Ini huharibiwa na vita vinavyotokea askari wa mwili wanapojaribu kuviondoa. Kwa mtu aliyeambukizwa utotoni, mwili huweza kuishi navyo kwa miaka mingi bila vita vikubwa, na wakati huo ini halipati makovu mengi. Dawa zilizopo haziondoi virusi kabisa. Huvizuia kuzaana, lakini nakala ya asili ya maagizo yake hubaki ndani ya kiini cha chembe za ini, mithili ya mzizi wa kwekwe uliosalia ardhini baada ya majani kukatwa. Mgonjwa anayefikia hatua ya kuondokewa na HBsAg kwa kumeza vidonge ni mmoja tu au pungufu kwa kila 100 kwa mwaka. Kwa nini basi umtwishe kijana wa miaka 27 mzigo wa maisha yote ilhali ini lake halijadhurika?

Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa fikra iliyotawala, na masharti ya kuanza dawa yalikuwa makali. WHO yenyewe ilikiri kwamba chini ya masharti ya zamani ni watu kati ya 8 na 15 tu kwa kila 100 wenye virusi waliostahili kutibiwa. Machi 2024 shirika hilo lililegeza kamba. Kwa mwongozo mpya, zaidi ya nusu ya wenye virusi wanaweza kustahili.

Mwongozo huo unawagusa watu wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Mtu anastahili dawa iwapo ini lake limeanza kupata makovu ya kutosha kuonekana katika vipimo. Anastahili pia iwapo virusi katika damu yake vimepita vipimo 2,000 kwa kila mililita na kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kimepanda. Halafu lipo kundi ambalo halihitaji hesabu hizo: mwenye VVU, mwenye kisukari, mwenye mafuta katika ini, mwenye homa ya ini ya aina nyingine juu ya hii, na yule ambaye katika ukoo wake pametokea saratani ya ini au ugumu wa ini. Mtu ambaye babake alikufa tumbo likiwa limefura maji anapaswa kulitaja jambo hilo kwa daktari hata asipoulizwa.

Kuhusu ALT, kuna mtego ambao wagonjwa wengi huuangukia. WHO huhesabu kuwa kiwango cha kawaida hakizidi 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Fomu nyingi za maabara huandika kikomo cha 40 au zaidi. Mama wa Buruburu mwenye ALT ya 33 ataambiwa kuwa yuko sawa, kwa sababu mashine haikumwekea alama yoyote, ilhali kwa kipimo cha WHO amekwisha kuvuka mpaka.

Kuhusu makovu, habari ni njema kidogo. Zamani ilibidi sindano ndefu ichomwe ini na kipande kutolewa. Siku hizi kipo chombo cha kupima ugumu wa ini kwa mawimbi, ingawa si kila hospitali ya umma inacho. Hata hivyo, ipo hesabu ambayo zahanati yoyote yenye maabara ya kawaida inaweza kuifanya kwa kalamu. Unachukua kimeng'enya cha AST cha mgonjwa, unakigawanya kwa kikomo cha maabara, jawabu unaligawanya kwa idadi ya chembe zinazogandisha damu, kisha unazidisha kwa 100. Tuseme AST ni 48, kikomo ni 40, na chembe hizo ni 150 kwa kipimo cha maelfu. Hapo 48 kwa 40 ni 1.2, na 1.2 kwa 150 mara 100 ni 0.8. Ikizidi 0.5, WHO inasema anza dawa. Ikizidi 1, yamkini ini limekwisha kuwa gumu. Mgonjwa wa mfano huu angeweza kutembea kutoka Jericho hadi mjini bila kuhisi chochote, na bado angestahili kuanza.

Sasa tuipime gharama ya kungoja, ambayo aghalabu hufikiriwa kuwa bure. Kungoja kwa kweli kunamaanisha kurudi hospitalini walau mara moja au mbili kwa mwaka, kupimwa vimeng'enya na chembe za damu, na mara kwa mara kuhesabiwa virusi. Kipimo hicho cha kuhesabu virusi kikifanywa katika maabara ya kibinafsi jijini, bei yake huweza kuzidi ile ya dawa ya miezi mingi. Mfanyakazi wa kibarua hupoteza ujira wa siku nzima kwa kila foleni. Kisha hurudi mara ya kwanza, hurudi mara ya pili, na mara ya tatu hasikii maumivu yoyote, basi haoni haja. Anakuja kurejea miaka minane baadaye macho yakiwa ya manjano. Huyo hakungoja chini ya uangalizi, bali alisahauliwa.

Jijini Addis Ababa, Hospitali ya St Paul's ilianzisha mwaka 2015 mpango wa kuwatibu wagonjwa wa homa ya ini B kwa vidonge, na zaidi ya watu 1,000 wakaandikishwa. Vifo vilivyotokea viliwakumba hasa wale waliofika ini likiwa tayari limeshindwa kazi. Somo hilo linatuhusu sana, kwa maana jiji hilo linafanana na letu kuliko Paris au London. Dawa ilikuwepo na ilifanya kazi. Waliochelewa ndio walioumia.

Kuhusu dawa zenyewe, uchaguzi si mpana kama wengi wanavyodhani, na pengine hilo ni jambo la kushukuru. Vidonge vya lamivudini vilivyoidhinishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 vilikuwa rahisi na bila madhara makubwa, lakini virusi vilivizoea upesi. Baada ya miaka mitano ya kuvitumia peke yake, wagonjwa wapatao 70 kati ya 100 walikuwa na virusi sugu. Atakayeandikiwa lamivudini peke yake leo kwa ajili ya homa ya ini B ana haki ya kuuliza sababu.

Interferoni ni sindano ya kila wiki kwa wiki 48. Sifa yake ni kwamba ina mwisho: mgonjwa huchomwa mwaka mmoja, kisha huacha. Kwa baadhi yao virusi hutulia kabisa. Lakini ni ghali, inahitaji jokofu na vipimo vya mara kwa mara, huleta homa, uchovu, huzuni nzito na upungufu wa chembe za damu, na ni hatari kwa mtu ambaye ini lake limekwisha kushindwa. Kwa familia ya chumba kimoja Mathare au Majengo, sioni vipi ingefaa. Mtu mwenye bima nzuri na daktari bingwa anaweza kuijadili.

Zinabaki tenofoviri na entekaviri. Tenofoviri ni kidonge kimoja kwa siku, na ndicho WHO inachopendekeza kwanza, ama peke yake ama kikiwa kimeunganishwa na lamivudini au emtrisitabini. Katika miaka mingi ya ufuatiliaji, usugu wa virusi dhidi yake haujawa tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwachunguza wagonjwa 348 ambao vipande vya ini vyao vilitazamwa kabla ya dawa na baada ya miaka mitano. Katika wagonjwa 96 walioanza wakiwa na ugumu wa ini, 71 hawakuwa nao tena. Yaani ini lililokwisha kujaa makovu lilijirekebisha, jambo ambalo kizazi cha madaktari waliotangulia kilifundishwa kuwa haliwezekani.

Upungufu wake uko kwenye figo na mifupa. Kabla ya kuanza, mgonjwa anapaswa kupimwa kreatinini, na apimwe tena kila baada ya muda, hasa akiwa na kisukari au shinikizo la damu. Na hapa naomba niseme neno kuhusu tabia yetu ya mitaani. Dukani Eastlands dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki hununuliwa kama peremende, kwa mgongo, kwa meno, kwa uchovu wa mjengo. Zikichanganywa na tenofoviri kwa muda, figo huweza kuumia vibaya, kisha lawama zote huelekezwa kwa kidonge cha ini.

Entekaviri huwafaa watoto na wenye matatizo ya figo au mifupa. Humezwa tumbo likiwa tupu. Haimfai sana mtu ambaye virusi vyake vilikwisha kuzoea lamivudini. Ipo pia tenofoviri ya aina mpya yenye dozi ndogo na isiyosumbua sana figo, iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu nchini Marekani mwaka 2016, ambayo WHO inaitaja kwa wenye figo dhaifu au mifupa iliyolika.

Sharti moja halina mjadala: asianze mtu yeyote kidonge chochote kati ya hivi kabla ya kupimwa VVU. Tenofoviri na entekaviri hugusa virusi vyote viwili. Mtu mwenye VVU asiyejijua akimeza kimoja peke yake, anavifundisha virusi vya Ukimwi kuihimili dawa, na siku atakapoihitaji kwa dhati huenda isimsaidie.

Hebu sasa tuitazame hatari ambayo daktari wa pili aliionya. Mgonjwa akiacha dawa ghafla, ule mzizi huchipuka upya. Virusi huongezeka, mwili hushtuka na kuanza vita, na ini lililokuwa limetulia huweza kuvimba kwa kishindo. Kwa mwenye ugumu wa ini, mshtuko huo unaweza kumuua. Ndiyo maana WHO inataka mwenye ugumu wa ini ameze maisha yake yote bila kuacha. Maoni yangu ni kwamba katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi uchaguzi ulio mbaya zaidi si kungoja wala kuanza. Ni kuanza, kuacha, kuanza tena mshahara ukipatikana, na kuacha tena ada ya shule ikifika. Wengi wa wanaofanya hivyo si wakaidi. Wamefilisika.

Ndipo tunapofika kwenye ajabu ya mfumo wetu. Tenofoviri si dawa ngeni Kenya. Imo katika kile kidonge cha dawa tatu kwa pamoja ambacho wagonjwa wa VVU nchini wamekuwa wakipewa bila malipo tangu mwaka 2018. Mtu mwenye virusi vyote viwili, vya Ukimwi na vya homa ya ini B, hutibiwa yote kwa kidonge hicho bila kutoa senti. Mwenzake aliye na homa ya ini pekee aghalabu huandikiwa dawa na kuelekezwa duka la dawa. Mgonjwa mmoja wa Eastleigh aliwahi kumwuliza mwandishi wa makala haya, kwa uchungu uliochanganyika na kicheko, kama ni afadhali angekuwa na VVU. Sikupata la kumjibu.

Hata huyo mwenye bahati ya kupewa hana uhakika. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki kadhaa za VVU nchini zilifunga milango au kupunguza wahudumu. Mazungumzo yote yalikuwa juu ya Ukimwi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kati ya wale waliogeuzwa langoni walikuwamo ambao kidonge hicho ndicho kilichokuwa kikiyalinda maini yao pia. Vivyo hivyo, daktari anapombadilishia mgonjwa dawa za VVU na kumwondoa kwenye tenofoviri, hana budi kutazama kwanza kama ana homa ya ini B.

Bei haipaswi kuwa kisingizio. WHO iliripoti mwaka 2024 kuwa tenofoviri isiyo na jina la kampuni inaweza kununuliwa katika soko la kimataifa kwa dola 2.40 kwa mwezi, lakini kati ya nchi 26 zilizotoa taarifa ni saba pekee zilizoipata kwa bei hiyo au chini yake. Dola hizo ni kama Sh310. Kiasi hicho hakitofautiani sana na Sh300, ambacho ndicho mchango wa chini wa kila mwezi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Sheria ya SHA iliunda hata mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Kwa mchuuzi wa Wakulima, jina la mfuko si kitu. Atakachotazama ni kama anatoka hospitalini na vidonge mkononi au na karatasi ya kuvinunulia.

Tukirejea kwa muuza miti shamba tuliyemweka kando, tatizo lake ni la aina mbili. Baadhi ya mizizi huliumiza ini lenyewe, na hata ile isiyodhuru humwibia mgonjwa miaka. Pombe ni adui mwingine, na chang'aa ya mitaani haina kipimo. Kisha kuna jambo ambalo halitajwi mara nyingi katika kliniki za Nairobi, nalo ni mahindi. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini katika mahindi yaliyoota kuvu iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Wachunguzi waligundua kuwa waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi vya homa ya ini B kuliko majirani zao ambao hawakuugua. Sumu hiyo na virusi hivi vikikutana katika ini moja, hatari ya saratani huongezeka maradufu mara nyingi. Gunia linalotoka mashambani kuja kwa jamaa wa Kayole linapaswa kukaguliwa, na yaliyoota ukungu yatupwe, hata kama njaa inauma.

Kwa mama mjamzito, mizani hulala upande mmoja tu. WHO inapendekeza ameze tenofoviri kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba iwapo virusi vyake ni vingi, na pale ambapo hakuna njia ya kuvihesabu, kila mama mwenye HBsAg anaweza kupewa. Mtoto naye achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, pendekezo ambalo WHO imelitoa kwa watoto wote tangu mwaka 2009. Chanjo ya kuanzia wiki ya sita, iliyokuwa desturi ya Kenya kwa miaka mingi, humkuta mtoto wa mama mwenye virusi akiwa amekwisha kukaa wiki sita bila ngao. Hospitali ya Pumwani imekuwa ikizalisha watoto wa Eastlands tangu mwaka 1926. Sioni mahali pengine nchini ambapo dozi ya siku ya kwanza ingeokoa wengi zaidi kwa hatua chache zaidi.

Wapo wanaosema wangoje dawa ya kuponya kabisa. Tumaini hilo lina msingi, ila si la kuegemea. Dawa ya sindano iitwayo bepirovirsen, katika matokeo ya awamu ya pili yaliyochapishwa mwaka 2022, iliwafikisha wagonjwa tisa au 10 kwa kila 100 katika hatua ya kutoonekana kwa virusi miezi sita baada ya kuacha matibabu. Ni hatua kubwa kisayansi. Lakini 90 walisalia na virusi, na mtu mwenye makovu ya ini leo hawezi kuuweka rehani uhai wake kwa hesabu hiyo.

Mizani inaelemea wapi basi? Kwa mtu mwenye dalili zozote za makovu, au ALT iliyopita mipaka ya WHO huku virusi vikiwa vingi, au ukoo wenye saratani ya ini, kungoja hakuna utetezi tena. Kwa kijana ambaye vipimo vyake vyote ni vizuri, anaweza kungoja, mradi pawepo mtu mwenye daftari la kumwita asipofika. Na kwa yeyote anayeanza, swali la kwanza kumwuliza daktari si jina la kidonge. Amwulize kitatoka wapi mwezi ujao, na mwezi wa baada ya huo. Aliyeanza, na hasa mwenye ugumu wa ini, bado anapaswa kupigwa picha ya ini kila miezi sita, kwa maana vidonge hupunguza hatari ya saratani bila kuifuta.

Vifaa vya kufanyia haya havijengwi upya. Taasisi ya KEMRI ilikuwa ikitengeneza vipimo vyake yenyewe vya homa ya ini B, vilivyoitwa Hepcell, kwa msaada wa Wajapani, miaka mingi kabla ya kuwapo mwongozo wa 2024. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ina maabara na ina kliniki ya VVU yenye wahudumu waliozoea kuwafuatilia wagonjwa kwa simu na kuwagawia dawa za miezi mitatu. Kinachosalia ni jina la mgonjwa wa homa ya ini kuandikwa katika daftari lile lile, na hesabu ya vidonge vyake kuongezwa katika oda ile ile inayopelekwa KEMSA.